Kwenda Dar es Salaam Kusomeshwa Utajiri

Mpwa wangu, ambaye ni mshonaji wa nguo mwenye kazi yake katika baraza ya nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, alinijia jioni moja akaniamkia shikamoo yenye unyenyekevu uliozidi kawaida yake, nami kwa kuwa nimewaona vijana wa ukoo wetu wakikua, nilitambua kabla hajaketi kwamba nyuma ya salamu ile palikuwa na haja. Haja yenyewe aliieleza kwa kuzungukazunguka: kwamba alikuwa amejiunga na kampuni moja ya biashara ya mtandao, katika zile ziuzazo bidhaa kwa watu walioungwa mmoja chini ya mwingine, kwamba alilipa shilingi 350,000 za kifurushi cha kuanzia, kwamba makopo aliyopewa yalikuwa bado juu ya kabati, isipokuwa machache yaliyonunuliwa na mama yake na mashoga zake kwa kumstahi, na kwamba yule aliyemwingiza, ambaye katika mazungumzo yao huitwa mkubwa wake, amemwambia kuwa bidhaa haina kosa wala mpango hauna kosa, ila yeye ndiye hajapata mafunzo, na mafunzo hayo yangetolewa Dar es Salaam katika semina kuu, kwa kiingilio cha shilingi 30,000. Dada yangu hakuridhia bintiye asafiri peke yake. "Mjomba, nisindikize," akasema, "maana wewe umesomesha hesabu za biashara umri wako wote. Utasikiliza, kisha utaniambia."

Sikuona udhuru wa kukataa. Mtu aliyekaa miaka mingi darasani akiwafundisha watoto wa watu tofauti ya mauzo na faida, na akajua jinsi tofauti hiyo inavyochelewa kuingia katika vichwa, hana budi kuwa na shauku ya kumwona mwalimu anayedai kuifundisha biashara nzima tangu asubuhi hadi magharibi.

Tulitoka stendi ya Kange alfajiri. Haukupita muda nikafahamu kwamba hatukuwa peke yetu katika safari ile, kwa sababu viti vya katikati vilikuwa vimekaliwa na vijana waliovaa fulana za rangi moja, wakiitana kwa vyeo badala ya majina, huyu nyota mbili, yule nyota tatu, na mara kwa mara wakipaza wimbo wa kampuni yao kwa sauti iliyowaamsha abiria waliokuwa wakijaribu kuusindikiza usingizi wao uliokatika. Mmoja wao, kijana mtanashati aliyeniambia kwa fahari kwamba ameacha kazi ya ulinzi katika kiwanda ili awe mtu huru, alisogea karibu yangu akaniuliza, "Mzee wangu, unataka kufanya kazi mpaka lini?" Nikamjibu kwamba nimekwisha kustaafu na nala pensheni yangu. Hakufadhaika hata kidogo. "Basi ndiyo maana fursa hii inakufaa zaidi, mzee," akasema, na papo hapo akataka kujua, kwa adabu lakini bila haya, kiinua mgongo changu nimekiweka wapi. Nilimwambia nimekiezeka. Akacheka, akanipa kadi yake, akaenda kukaa na mzee mwingine.

Muheza tulifika jua likichomoza, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa machungwa, wachuuzi walilizunguka gari mara lilipopunguza mwendo. Nilimtazama mama mmoja chini ya dirisha langu, amebeba mifuko ya neti mkono mmoja na mkono wa pili ameshika noti zilizokunjwa kati ya vidole, kila thamani na kidole chake, ili asipotee katika kurudisha chenji. Abiria wa mbele yangu alilalamika kuwa machungwa ya chini ya mfuko yatakuwa mabovu. Yule mama, gari likiwa limeanza kwenda, akakimbia nalo, akaufungua mfuko, akatoa chungwa la chini kabisa, akalikata kwa kisu na kumpa alionje. Mfuko ukanunuliwa. Yote hayo hayakuchukua dakika moja, na ndani yake mlikuwa na bei, na shaka ya mteja, na dhamana ya bidhaa, na fedha taslimu. Vijana wa fulana walikuwa wakiimba, hawakuona kitu.

Kutoka Segera hadi Mkata, kisha daraja la Wami, kisha Chalinze, sina la kusimulia ambalo msafiri wa njia ile halijui. Tulishuka katika stendi ya Magufuli iliyoko Mbezi, tukalala kwa jamaa yetu wa Magomeni, na asubuhi yake tukawa mlangoni pa ukumbi saa mbili kamili kama tiketi ilivyoamuru.

Saa mbili ile ilikuwa ya wageni tu. Wenyeji wenyewe walianza saa nne na nusu. Katika kipindi kile kirefu tulisimamishwa kwenye mistari ya kuandikishwa, ambako binti mwenye adabu alitoa risiti ya kiingilio na kuuliza papo hapo kama mtu angependa kuongeza shilingi 15,000 akae viti vya mbele. Na pembeni yake palikuwa na meza ya pili ya kuuza madaftari yenye nembo ya kampuni, na ya tatu ya fulana, na ya nne ya vitabu na rekodi za hotuba za semina zilizopita. Mpwa wangu alinunua daftari. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi ambacho watu wawili waliokaa bega kwa bega hawakuweza kusemezana, jambo ambalo mwanzoni nilidhani ni ujinga wa fundi mitambo, na baadaye nikaona lina hekima yake.

Mkufunzi alipoingia, hadhirina wote walisimama. Alikuwa mtu mwenye fasaha, sina insafu nikimnyima sifa hiyo. Alijua kunyamaza palipofaa kunyamaza, na alijua kusimulia umaskini wa utotoni mwake hata wanawake wakajifuta machozi. Alituamuru kila mmoja amgeukie jirani yake amwambie, "Wewe ni milionea," nami nikaambiwa hivyo na mama wa makamo kutoka Morogoro mwenye mtoto mchanga mgongoni, aliyeyatamka maneno yale kwa aibu kama mtu anayelazimishwa kumsifu mkwewe mbele ya watu. Kisha zikaonyeshwa picha za magari na nyumba. Kisha ikaletwa hundi ya karatasi ngumu, ndefu kuliko meza, yenye tarakimu nyingi, ikainuliwa na vijana wawili huku ukumbi ukipiga makofi. Kisha likachorwa lile jedwali la vyumba vinne la Robert Kiyosaki, Mmarekani aliyetoa kitabu cha Rich Dad Poor Dad mwaka 1997, ambalo huwaweka walioajiriwa na wanaojiajiri upande wa kushoto, na wenye miradi na wawekezaji upande wa kulia. Na tukaelezwa kwamba kila aliyekaa ukumbini amekwisha kuvuka kwenda upande wa kulia, kwa sababu ya kulipia kifurushi. Mshonaji wangu aliandika maneno hayo kwa mwandiko wake mzuri.

Nilisubiri biashara. Nilisubiri bei ya kununulia na bei ya kuuzia, gharama ya nauli, bidhaa inayokaa rafuni bila kutoka, deni la mteja, kodi ya mapato, kitabu cha kuweka hesabu. Badala yake, baada ya adhuhuri, tulipewa somo lililoitwa la msingi, nalo lilikuwa hili: chukua karatasi, uandike majina mia ya watu unaowajua, usimwache hata mmoja, jamaa, jirani, uliyesoma naye, imamu au mchungaji wako, fundi wa baiskeli yako, kisha uwapange kwa kadiri ya wanavyokuamini. Anayekuamini zaidi ndiye wa kuanza naye. Tulipewa nusu saa. Nilichungulia daftari la mpwa wangu nikaona jina la kwanza ni la mama yake na la pili ni langu.

Ndipo yule mama wa Morogoro akanyosha mkono. Alisema, kwa sauti ndogo iliyobidi irudiwe kwenye kipaza sauti, kwamba yeye anauza maandazi, na wateja wake wanazo fedha mwanzoni mwa mwezi tu. Je, makopo haya anaweza kuwakopesha, na akiwakopesha, ile kampuni itamngojea yeye? Lilikuwa swali la mfanyabiashara, la kwanza na la mwisho kusikika siku ile. Mkufunzi alitabasamu, akawauliza hadhirina kama wamelitambua tatizo la dada yao, na ukumbi ukajibu kwa pamoja, "Mawazo hasi!" Akaambiwa aondoe watu wenye mawazo hasi katika maisha yake, hata kama ni mumewe. Aliketi, akamtoa mtoto mgongoni, akamnyonyesha, na hakuuliza tena.

Nilikuwa na kopo moja mapajani, nikasoma maandishi yake. Ilikuwa chai ya majani makavu, na viungo vilivyotajwa ni mlonge, tangawizi na mchaichai, mimea ambayo kwetu Muheza haina mtu asiyekuwa nayo uani au kwa jirani, na bei ya kopo kwa mteja ilikuwa shilingi 48,000. Sisemi kuwa ni sumu. Nadhani ni chai nzuri. Lakini mwanachama, ili abaki hai katika mfumo na asipoteze haki ya kupata fungu lake kutokana na walio chini yake, alitakiwa kununua makopo kadhaa kila mwezi, awe na wateja au asiwe nao, na hapo ndipo palipofunuka kwangu ni nani hasa anayeinywa chai ile. Ilinyweka ukumbini humo humo.

Mkufunzi alichora duara moja juu ya ubao, akaandika ndani yake "wewe," na chini yake maduara sita, na chini ya kila moja mengine sita, akatuambia kwamba mtu akiwaleta sita tu, na kila mmoja akawaleta sita tu, basi kazi imekwisha. Alikomea daraja la nne, ambalo lina watu 1,296, kisha akaanza kuzidisha fedha. Nami nikageuza kipeperushi chao nikaendelea alipoachia. Daraja la saba ni watu 279,936. La tisa ni watu 10,077,696. Ukiyajumlisha madaraja kumi chini ya yule mmoja wa juu utapata watu 72,559,410, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania wote, na vichanga na wagonjwa na wafungwa wakiwamo, 61,741,120. Kwa hiyo kabla daraja la kumi halijatimia, taifa zima limekwisha kujiunga, na wale wa chini kabisa, ambao siku zote ni wengi kuliko wote wa juu yao kwa pamoja, hawana mtu wa kumwendea. Hesabu hii mtoto wa sekondari huiweza, na haihitaji chuki juu ya kampuni yoyote. Yahitaji kalamu na utulivu kidogo, na utulivu ndio uliokatazwa na muziki.

Nimesoma kidogo asili ya mambo haya, na nitaieleza kwa sababu ina faida kwa anayetaka kupima. Mpango wa kuuza kwa madaraja ulipata umbo lake Marekani, katika biashara ya vidonge vya vitamini vya Nutrilite iliyoanzishwa California na Carl Rehnborg; mwaka 1945 Lee Mytinger na William Casselberry walichukua usambazaji wa vidonge hivyo wakatunga utaratibu wa kumlipa muuzaji kwa mauzo yake na kwa mauzo ya aliowaingiza. Wawili katika wauzaji hao, Jay Van Andel na Rich DeVos, waliasisi Amway mwaka 1959, huko Ada katika jimbo la Michigan. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliishitaki Amway, na mwaka 1979 ikatoa uamuzi ambao makampuni ya namna hii hujikinga nao hadi leo: kwamba ilikosea kwa kupanga bei na kwa kuzidisha maelezo ya kipato, lakini haikuwa piramidi, yaani mpango unaoishi kwa fedha za wanaojiunga. Wanaojikinga na uamuzi huo aghalabu hawataji sababu yake. Tume ilizingatia kwamba Amway ilikuwa na masharti ya kumtaka mwanachama auze sehemu kubwa ya alichonunua, asilimia 70, na athibitishe kuwa kila mwezi ameuza kwa wateja wa rejareja wasiopungua 10, na kwamba bidhaa zisizouzika zilikuwa zikirejeshwa. Yaani jambo lililoiokoa lilikuwa mteja. Na mwaka 2016 tume ile ile ilipokubaliana na Herbalife, kampuni nyingine ya namna hii, kampuni hiyo ilitoa dola milioni 200 za kuwafidia watu, ikalazimika pia kupanga malipo ya wanachama wake upya ili theluthi mbili kwa uchache zitokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Hapo tena ni mteja.

Basi katika ukumbi ule wa Dar es Salaam, tangu saa nne na nusu hadi magharibi, nilitega sikio nisikie habari za mtu huyo, mtu asiye mwanachama, asiyetaka utajiri wala nyota, anayetaka chai tu na kuilipia. Hakuzungumzwa. Mtu wa nje alitajwa kwa sura moja, ya mtu wa kuingizwa ndani.

Hapa kwetu watu hukumbuka upatu wa DECI, uliozimwa na serikali mwaka 2009 baada ya watu wengi kupanda fedha zao wakitaraja kuvuna maradufu, na kwa hiyo mwanachama wa biashara ya mtandao akiulizwa hujibu upesi kwamba yeye hayumo katika upatu, kwa kuwa anayo bidhaa mkononi. Jibu hilo lina ukweli wa nusu. Kuwapo kwa kopo hakubadilishi kitu iwapo fedha zote zinazoingia zimetoka mifukoni mwa waliojiunga. Na kwa haki ya upatu wetu wa akina mama, ule wa kuchangiana kila wiki na kupokezana, niseme kwamba mle kila mmoja hupata sawa na alichotoa, na wa mwisho hupokea kama wa kwanza.

Walakini nisije nikawadhulumu waliokuwamo. Niliwaona watu wema wakigawiana maji na sambusa moja iliyoletwa kuwa ni chakula cha mchana, na nikamwona kijana asiyejulikana na mtu akiitwa mbele kupewa nishani ya kwanza maishani mwake, akalia kwa kweli. Kutamani kutoka katika dhiki si aibu. Kijana aliyesoma hadi kidato cha nne na akazunguka miaka bila ajira, akisimamishwa jukwaani na watu kiasi cha mia nne wakampigia makofi, atawezaje kutoamini? Nauona ubaya kwa wale waliolijua hitaji hilo wakalitoza kiingilio. Watu mia nne kwa shilingi 30,000 ni shilingi milioni 12 zilizokusanywa kabla kopo moja halijafunguliwa, na bado madaftari, na fulana, na viti vya mbele. Na kabla hatujaruhusiwa kutoka, milango ikiwa nusu imefungwa, tulitangaziwa semina kubwa zaidi itakayofanyika Dodoma, kwa kiingilio cha shilingi 50,000, ambayo bila hiyo, kwa kauli ya mkufunzi mwenyewe, mafunzo tuliyopata yangekuwa hayajakamilika. Kama mafunzo hayakumletea mtu mauzo, dawa yake ni mafunzo mengine.

Katika basi la kurudi mpwa wangu alikaa kimya hadi tulipoipita Chalinze. Kisha akasema, "Mjomba, nimetafuta katika daftari langu jinsi ya kuuza. Sijaiona." Nikamwambia nami sikuisikia. Akaniuliza kama makopo yaliyobaki anaweza kuyarudisha apate chochote. Tuliisoma fomu yake ya mkataba pamoja, karatasi ambayo alikuwa ametia sahihi bila kuachiwa muda wa kuisoma, tukakuta kwamba kurudisha kunaruhusiwa katika siku 14 tangu kupokea, na siku hizo zilikuwa zimekwisha kupita wakati akisubiri semina.

Nchi yetu inao Wakala wa Vipimo wa kukagua mizani ya muuza nyama, na inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji dhidi ya hila. Nawaomba maofisa wa Tume hiyo wakate tiketi kama watu wengine, wakae viti vya nyuma tangu saa mbili, na jioni wawatake wenye ukumbi walete daftari la mauzo yaliyofanywa kwa watu wasio wanachama. Nawe msomaji, ukialikwa, lidai daftari hilo kabla hujakata tiketi ya basi, na ukijibiwa kuwa una mawazo hasi, baki nyumbani.